Sarafu za Fedha kwa Wajukuu: Barua Zenu na Majibu

Mwezi huu nimeitenga safu nzima kwa barua zinazohusu jambo moja: mababu na mabibi wanaowanunulia wajukuu wao sarafu za fedha, moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka. Kabla sijaanza ninaomba niliweke sawa neno lenyewe. Katika lugha yetu fedha ni pesa, na fedha ni madini, na nimewahi kuona muuzaji na mnunuzi wakizungumza kwa dakika kumi nzima kila mmoja akikusudia chake. Hapa nikitaja fedha ninakusudia madini yale meupe ambayo mfua fedha huyayeyusha kwa joto la nyuzi 961 hivi. Nikikusudia kile tunacholipia nauli, nitasema pesa.

*

Ndugu Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne. Tangu wa kwanza alipozaliwa, kila mjukuu anapotimiza mwaka ninamnunulia sarafu moja ya fedha ya wakia moja, na nimekusudia kuendelea hivyo hadi kila mmoja afikishe miaka 18. Mwanangu wa kiume ananiambia kwamba ninapoteza pesa, na kwamba ningeziweka benki zingezaa. Je, anasema kweli? Na kama nitaendelea, ninunue sarafu zipi?

Shikamoo, bibi. Mwanao amesema kweli moja na ameiacha nyingine. Aliyoisema ni kwamba fedha haizai. Sarafu unayoiweka kabatini leo utaikuta baada ya miaka 18 ikiwa ni moja ile ile, yenye uzito ule ule, na hakuna anayekuahidi kwamba bei yake itakuwa imepanda. Bei ya madini haya hupanda na kushuka kwa kishindo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mnamo Januari 1980 wakia moja ilikaribia dola 50 za Marekani, na kabla ya mwisho wa Machi mwaka huo huo bei ilikuwa imeporomoka. Aliyenunua katika kilele kile alisubiri miaka 31, hadi Aprili 2011, ndipo akaiona bei ikikikaribia tena kiwango hicho, na kwa wakati huo dola 50 hazikuwa tena na nguvu zilizokuwa nazo. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2015, wakia moja ilikuwa chini ya dola 14. Kwa hiyo pesa ya karo, pesa ya matibabu na pesa ambayo mtoto ataihitaji tarehe fulani isiyobadilika zisigeuzwe sarafu. Hapo ninasimama upande wa mwanao bila kusita.

Kweli aliyoiacha ni kwamba wewe hununui kwa mkupuo. Anayenunua kidogo kidogo kwa miaka 18 hawezi kununua zote kwenye kilele. Nyingine atazipata bei ikiwa juu, nyingine ikiwa imelala, na jumla yake itakuwa mahali fulani katikati. Isitoshe, akaunti ya benki mtoto wa miaka saba haioni wala haishiki. Sarafu yenye mwaka wake wa kuzaliwa anaishika, anauhisi ubaridi wake na uzito wake kiganjani, na anajua imetoka kwa nani. Kama akiba ya masomo imeshatengwa kwingine na hii ni ziada ya upendo, endelea, bibi, wala usione haya. Lakini piga hesabu ya mzigo pia: wajukuu wanne mara miaka 18 ni sarafu 72, yaani karibu kilo mbili na robo za fedha. Hazitakaa kwenye mkoba.

Sasa uchague zipi? Ushauri wangu ni kwamba ununue zile za kawaida, zinazojulikana duniani kote, ambazo serikali hutoa kwa ajili ya watu kuwekeza madini. Eagle ya Marekani ilianza mwaka 1986. Maple Leaf ya Kanada ilifuata mwaka 1988 na usafi wake ni 9999 kati ya 10,000. Philharmonic ya Austria imekuwepo tangu 2008. Britannia ya Uingereza ilianza 1997, ila uangalie kwamba zile za kabla ya 2013 zina usafi wa 958 tu kati ya 1000, ilhali kuanzia mwaka huo ni 999. Panda ya China nayo ni nzuri sana kwa macho, lakini tangu 2016 ina gramu 30 kamili, si wakia. Na wakia inayotumika kupimia fedha ina gramu 31.1, ile ya kupimia vitu vingine ina gramu 28.35 tu, na mjanja anaweza kuitumia tofauti hiyo kukuibia.

Sarafu hizi zina maandishi ya thamani yake, kwa mfano dola 1 kwenye Eagle na dola 5 za Kanada kwenye Maple Leaf. Thamani hiyo ni ya kisheria tu. Mfundishe mjukuu mapema, kwa sababu mtoto asiyeambiwa anaweza kwenda dukani na sarafu ya wakia nzima akarudi na peremende za dola moja.

Jambo ambalo ningependa ulipime kuliko yote ni ziada, yaani kile unacholipa juu ya bei ya madini yenyewe. Tuseme madini yaliyomo ndani ya sarafu yana bei ya 100, wewe umelipa 115, na siku ya kuuza mnunuzi anakupa asilimia 97 ya bei ya madini. Bei ya fedha italazimika kupanda kwa karibu asilimia 19 ndipo urudishe kile ulichotoa. Ndiyo maana sarafu zenye rangi, zenye vito, zenye kasha la mahameli na zile zinazopigwa chapa kwa namna ya pekee hadi zing'ae kama kioo, ambazo ziada yake ni kubwa mno, mimi sizipendekezi kwa zawadi ya kila mwaka. Kama unaipenda moja kwa uzuri wake, inunue mara moja kwa tukio kubwa, ukijua kwamba umenunua uzuri.

Kuhusu utaratibu, badala ya kununua sarafu moja mara nne kwa mwaka na kulipia usafirishaji mara nne, weka pesa kidogo kila mwezi kwenye kibubu, halafu ununue sarafu za watoto wote kwa pamoja mara moja kwa mwaka. Wauzaji wengi hupunguza ziada kadiri idadi inavyoongezeka, na bei nzuri zaidi mara nyingi hupatikana kwa bomba zima kama lilivyotoka kiwandani, ambalo kwa Eagle hubeba sarafu 20 na kwa Maple Leaf 25. Kama ndugu zako wawili watatu nao wana wajukuu, nunueni bomba moja mgawane.

Na nikuongezee wazo ambalo limenifaa mimi na watu wa nyumbani kwangu. Mpe kila mtoto sarafu mbili za aina tofauti: moja ya kuwekwa na moja ya kushikwa. Ya kuwekwa ni ile mpya ya wakia moja. Ya kushikwa iwe sarafu kuukuu iliyowahi kuzunguka mikononi mwa watu, kama vile senti 10 ya Marekani ya mwaka 1964 au kabla yake, ambayo ni fedha asilimia 90 na ina uzito wa gramu 2.5. Hiyo imeshachakaa, kwa hiyo vidole vya mtoto havitaiharibu; anaweza kulala nayo chini ya mto. Ila usimpe mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, kwa maana upana wake haufiki sentimita mbili na inamezeka.

*

Ndugu Mshauri, ninanunua sarafu kwa watu mbalimbali, wengine kwa njia ya intaneti, nami macho yangu si yale ya ujana. Nimeambiwa kwamba sumaku inatosha kutambua bandia. Je, ni kweli?

Shikamoo, mzee wangu. Sumaku haitoshi, ingawa ni mwanzo mzuri. Ikinasa, jibu umeshalipata: kuna chuma au nikeli ndani. Isiponasa hujajua chochote bado, kwa sababu shaba na risasi nazo hazinaswi. Ukiwa na sumaku kali unaweza kwenda hatua moja mbele: inamisha sarafu kama mteremko, uiachie sumaku ndogo juu yake, na kwenye fedha utaiona ikiteremka polepole kana kwamba inapita kwenye asali. Fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine zote, na mwendo wa sumaku huzusha ndani yake mikondo ya umeme inayoizuia. Lakini shaba nayo hufanya karibu vivyo hivyo, kwa hiyo usiishie hapo.

Nunua mzani mdogo unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Eagle moja lazima iwe na gramu 31.10 na upana wa milimita 40.6. Mwenye kughushi akitumia metali nyepesi hukwama hapa: akiufikia uzito, sarafu huwa nene au pana kupita kiasi, akiufikia upana na unene, uzito hupungua.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani ni cha maji. Jaza bilauri nusu, uiweke juu ya mzani, ubonyeze kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uiteremshe majini hadi izame yote, uishikilie hapo ikining'inia bila kugusa chini wala ubavu wa bilauri. Mzani utasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa wakia moja ya fedha safi namba hiyo ni karibu gramu 2.97, kwa sababu fedha ni nzito mara 10.49 kuliko maji. Shaba iliyopakwa fedha juu, yenye uzito ule ule, ingesoma kama 3.47. Risasi ingesoma 2.74. Mtu anaweza kuchanganya risasi na metali nyingine hadi ailenge namba ya fedha, na hapo ndipo sikio linapofaa: isawazishe sarafu kwenye ncha ya kidole, uigonge taratibu kwa kalamu, na fedha italia kwa sauti nyembamba inayokawia kuisha, ilhali mchanganyiko wa risasi hutoa kishindo kifupi kilichokufa. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Vipimo hivi uvifanye kwa sarafu za kawaida; zile zinazong'aa kama kioo usizitie majini wala usizigonge.

Kipande cha barafu ni cha kumfurahisha mjukuu: kiweke juu ya sarafu, naye ataona kinavyoanza kuyeyuka papo hapo, maana fedha hupitisha joto pia kuliko metali nyingine.

Kuna vitu viwili vya kuangalia kabla hata ya kulipa. Kwanza, anayekuuzia sarafu ya wakia moja kwa bei iliyo chini ya madini yenyewe hana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa angeweza kuipeleka kwa mfanyabiashara yeyote wa madini akapata zaidi. Ukiiona bei hiyo, funga mkoba. Pili, soma maneno kwa makini. "Imepakwa fedha" ni shaba yenye utando mwembamba, na kile kiitwacho fedha ya Kijerumani ni shaba, nikeli na zinki, hakina fedha hata chembe.

*

Ndugu Mshauri, nilizifunga sarafu za wajukuu zangu kwenye mifuko midogo ya plastiki, nikazifungia kwa mpira. Baada ya miaka sita nimezikuta nyingine nyeusi, na mbili zina utando wa kijani unaonata. Nizisafisheje kabla ya kuwakabidhi?

Tafadhali, bibi, uliweke hilo kopo la dawa ya kung'arishia chini kwanza, unisikilize. Nilipokuwa na miaka 12 babu yangu mzaa mama alinipa riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 ambao umeendelea kuandikwa juu yake hata kwenye zile zilizopigwa chapa zaidi ya miaka mia baadaye. Ilikuwa imeiva rangi ya kijivu, na begani mwa malkia palikuwa na bruchi yenye lulu ndogo ndogo unazoweza kuzihesabu kwa ncha ya ukucha. Nilitaka ing'ae. Nikaisugua kwa dawa ya meno jioni nzima, na kweli iling'aa, lakini lulu zilififia, na uso wote ukajaa mikwaruzo myembamba inayozunguka kama nyuzi za buibui. Babu aliigeuzageuza, akanirudishia bila neno. Ninayo hadi leo, na mikwaruzo haijaondoka hata mmoja.

Weusi huo si kutu kama ya chuma. Fedha huungana na salfa iliyomo hewani na katika vitu, na kinachotokea ni utando mwembamba mweusi au wa rangirangi. Mpira wako ndio mtuhumiwa wa kwanza, kwa kuwa mipira mingi ina salfa. Sufu nayo ni hivyo hivyo, na baadhi ya makaratasi. Utando huo haupunguzi madini kwa kiasi cha kuhesabika, na kwenye sarafu kuukuu wapo wakusanyaji wanaoulipia zaidi unapokuwa na rangi nzuri. Kwa hiyo zile nyeusi ziache zilivyo.

Zile mbili za kijani ni jambo jingine, nazo hazingojei. Mifuko laini yenye harufu kali hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa kemikali zinazonata na asidi inayoila sarafu. Zitoe leo hii. Zitumbukize kwa dakika chache kwenye asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, kwenye chombo cha kioo, mbali na moto na dirisha likiwa wazi, kisha uziinue kwa kuzishika ukingoni na kuziacha zikauke zenyewe. Usisugue. Kama asidi imeshakula uso, alama itabaki, na hiyo ikubali.

Tangu sasa kila sarafu ikae kwenye kasha lake gumu la akriliki la duara, au kwenye bomba la kiwandani, ndani ya sanduku lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na jiko na bafu. Ukiona madoa meupe kama matone ya maziwa kwenye sarafu mpya usijilaumu. Hayo hutokea hata kwa zile ambazo hazijawahi kuguswa, Maple Leaf za kabla ya 2018 hasa, na hayana dawa.

*

Ndugu Mshauri, nilijiandikisha na kampuni inayotuma sarafu ya ukumbusho kila mwezi pamoja na cheti na jina la mjukuu kwenye kasha. Baada ya miaka miwili nilipeleka sarafu 24 kwa mnunuzi, akaniambia atanipa chini ya robo ya nilicholipa. Nimeibiwa?

Pole sana, ndugu yangu. Inauma zaidi kwa sababu ulichokuwa unakitafuta kilikuwa chema. Kama kuibiwa au kutoibiwa, jibu limo katika karatasi ulizopewa, na ninakuomba uzisome zote leo ukiwa na kalamu. Tafuta mambo mawili tu: uzito kwa gramu na usafi kwa kila elfu. Zidisha uzito kwa usafi, ugawanye kwa 1000, na utapata gramu za fedha halisi zilizomo. Kama karatasi inataja "utando", "kupakwa" au haitaji usafi kabisa, hujanunua fedha, na ikiwa tangazo liliahidi fedha halisi una haki ya kulalamika kwa mamlaka ya kuwalinda walaji ya nchi yako. Kama uzito na usafi vimeandikwa na ni vya kweli, hukuibiwa kisheria. Umelipia kasha, cheti, rangi na posta, vitu ambavyo mnunuzi wa madini havihesabu. Cheti cha muuzaji ni neno la muuzaji kuhusu bidhaa yake mwenyewe.

Sitisha usajili kwa maandishi, uhifadhi nakala, na uangalie kwenye taarifa ya benki mwezi unaofuata kama kweli wameacha kukata. Zile 24 usiziuze kwa hasira. Zimeandikwa jina la mtoto. Mpe, ila mweleze ukweli wake.

*

Ndugu Mshauri, mjukuu wangu wa tano amezaliwa wakati wa kwanza ameshafikisha sarafu 14. Nimeshatimiza miaka 76. Ninaogopa kwamba mdogo atapunjwa. Nifanye nini?

Shikamoo, babu. Hofu yako ni ya haki na ina ufumbuzi mwepesi kuliko unavyodhani. Usijaribu kusawazisha kwa pesa, kwa sababu ulizonunua zamani ulizipata kwa bei nyingine na hesabu hiyo itakuzungusha bure. Sawazisha kwa uzito. Amua leo kila mjukuu apate wakia ngapi kwa jumla, tuseme 18, kisha umtengenezee mdogo fungu lake mapema: mnunulie mbili au tatu kila mwaka badala ya moja, au umwekee mkononi mwa mzazi wake pesa ya kukamilisha zilizobaki. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu za kawaida hauna uzito mkubwa sokoni, kwa hiyo hakuna ubaya akipata tatu za mwaka mmoja.

Lililo gumu zaidi ni kuandika. Sarafu zisizoandikwa popote zimewahi kugombanisha ndugu waliokuwa wakila sahani moja. Chukua daftari gumu na umpe kila mtoto ukurasa wake. Andika tarehe uliyonunua, aina ya sarafu, mwaka wake, uzito, usafi, bei uliyolipa na ulikonunua, na ubandike stakabadhi hapo hapo. Mstari mmoja chini yake mwandikie mtoto kwa mkono wako kilichotokea mwaka ule: aling'oka jino la kwanza, alianza kusoma, ulimpeleka kuona bahari. Daftari lisikae sanduku moja na sarafu. Kisha utaje katika wosia kwamba vilivyomo ni mali ya watoto kwa majina, na wazazi wa watoto wote wajue, wote kwa siku moja, si mmoja kwa siri. Uliza pia bima yako ya nyumba inafidia sarafu hadi kiasi gani, kwa maana nyingi huweka kikomo cha chini mno.

*

Ndugu Mshauri, je, kuna kodi?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa. Uingereza, kwa mfano, hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye sarafu mpya za fedha, lakini haitozi kodi ya faida unapouza Britannia, kwa kuwa ni pesa halali ya nchi. Marekani huzihesabu sarafu hizi kuwa vitu vya kukusanya, na faida ya zile zilizokaa zaidi ya mwaka mmoja inaweza kutozwa hadi asilimia 28. Muulize mhasibu wa kwenu, na uende na daftari, kwa sababu bila bei ya kununulia hawezi kukokotoa faida.

*

Ndugu Mshauri, mimi ni mjukuu. Babu yangu amefariki na ameniachia kopo lenye sarafu 36. Sizijui. Baadhi zimeandikwa dola moja, baadhi ni kuukuu zenye kichwa cha mwanamke. Jirani amejitolea kuzinunua zote kesho. Nifanye nini?

Pole kwa msiba, mwanangu. La kesho likatae kwa upole. Fedha haiozi, mwezi mmoja hautaipunguza.

Usizisafishe. Zitandaze juu ya taulo, uzishike ukingoni, uzigawe mafungu matatu. La kwanza ni za kisasa zenye maandishi ya wakia moja na 999. Hizo ni rahisi, thamani yake ni ya madini, na bei ya siku utaipata popote. La pili ni zilizofungiwa kwenye makasha magumu yenye lebo na namba. Kama lebo ni ya PCGS au NGC, kampuni mbili za Marekani za kukagua sarafu, zimepimwa na kupewa daraja kati ya 1 na 70, nawe usilivunje kasha kwa sababu yoyote. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti yao uone kama inalingana na sarafu uliyonayo mkononi.

La tatu ndilo la kulichukulia taratibu. Dola kuukuu za Marekani zenye kichwa cha mwanamke huenda ni zile ziitwazo Morgan, zilizopigwa chapa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921. Uzito wake ni gramu 26.73 na fedha asilimia 90, kwa hiyo hata ya kawaida kabisa ina zaidi ya gramu 24 za fedha safi, na nyingi huuzwa kwa zaidi ya hapo. Geuza upande wa tai, utazame chini ya shada la majani kama kuna herufi ndogo. Mwaka 1893 pamoja na herufi S ni sarafu adimu sana, maana zilitengenezwa 100,000 tu, na ndiyo hasa wanaoghushi huipenda. Ukiiona, usimwonyeshe mtu hadi ipimwe na wataalamu wasio na nia ya kuinunua.

Halafu pata bei kwa wanunuzi watatu tofauti, bila kumwambia wa pili alichosema wa kwanza, na uombe kila mmoja aandike bei ya kila fungu peke yake. Anayetoa namba moja kwa kopo zima anajua kuna moja ndani yake anayoitaka.

Na kabla hujaenda kwa yeyote kati yao, itazame miaka ya zile za kisasa. Kama kuna yenye mwaka wako wa kuzaliwa, babu aliinunua ulipokuwa bado unabebwa. Hiyo itoe kwenye hesabu. Na upekue tena makabati yake na droo za kitanda: mtu aliyenunua kwa utaratibu hivyo huenda aliacha daftari.